Mgema wa Rejeta

Nyumba ya Mzee Obadia Luvanda ilinikaribisha kabla mwenyewe hajafika mlangoni, na hilo peke yake lilitosha kunichefua.

"Karibu, fundi Ezelina," ilisema kutoka juu ya kizingiti. "Pangusa viatu, sakafu ina baridi leo."

Sikuijibu. Mimi na nyumba zinazoongea hatuna salamu. Nilikuwa nimepanda Kitulo kwa kazi moja: kujua kwa nini presha ya maji ya nyumba hii inashuka, kuitengeneza kama inatengenezeka, na kama haitengenezeki, kulitia bomba lake kufuli la njano na kumpeleka mzee Bweni la Wazee kule Matamba kabla baridi ya usiku haijaingia. Kufuli lilikuwa mkobani. Lilikuwa zito kuliko spana zangu zote.

Mzee alitokea amejifunga blanketi mbili, kofia ya sufu imeshuka mpaka kwenye nyusi. Alikuwa mrefu, mwembamba, na vidole vyake vilijaa makovu madogo madogo ya kisu.

"Kamwene, mwanangu."

"Kamwene, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Umekuja kunihamisha?"

"Nimekuja kutazama geji."

"Ni yale yale, ila kwa adabu," akasema, akanipisha nipite.

Geji ilikuwa jikoni, ubavuni mwa kasha la joto. Sindano ilikuwa imelala chini kabisa, kwenye wekundu. Nilishika rejeta ya hapo jikoni, lile bati la ukutani linalopitishwa maji ya moto: chini vuguvugu, juu baridi. Mwaka huu tulishaijaza nyumba hii maji mara mbili, na mara zote mbili presha ikashuka tena. Mara ya tatu Mzingo haumsubiri mtu.

Ninyi mnaokaa pwani mnaujua utandu kwa uzuri wake tu. Ulipotandikwa juu angani, mwembamba kama ule wa maziwa yaliyopoa, jua lilipungua makali, miji yenu ikaacha kuungua, mkashangilia. Sisi wa huku juu tukapata barafu. Viazi vilifia ardhini, ng'ombe wakashushwa bondeni, na watu waliogoma kuhama wakachimbiwa visima vya moto. Maji ya visima hivyo yanazungushwa mtaa hadi mtaa kwenye bomba kuu, ndilo tunaloliita Mzingo, sawa na ofisi inayoliendesha. Lakini maji ya Mzingo hayaingii ndani ya nyumba. Yanapita kwenye kasha, yanayapasha maji ya nyumba yenyewe, kisha yanaendelea kwa jirani. Maji ya nyumba ni yale yale, yanazunguka kwenye rejeta mwaka nenda mwaka rudi. Yakipungua, presha inashuka. Presha ikishuka, hayazunguki. Yasipozunguka, kasha linachemka mpaka linapasuka, na mtaa mzima unalala baridi. Ndiyo maana tunatembea na makufuli.

Na kila nyumba imepewa Mtunza, akili inayoendesha pampu, inayopima joto na kuzungumza na mkaaji. Wengine wanawaita Watunza wao majina ya wajukuu. Mzee Obadia alimwita wake Mwenzangu.

"Mwenzangu, muwashie fundi taa ya uvunguni," alisema, na taa ikawaka chini ya sinki kabla sijainama.

Nilianza kutafuta mahali maji yanapotokea. Nilipitisha karatasi kavu ya chooni chini ya kila kiungo, maana karatasi huona tone ambalo jicho halilioni. Ilibaki kavu. Niligonga tangi la kupumulia, lile lenye mpira ndani unaolegea maji yakitanuka. Juu lililia tupu, chini likalia zito, kama inavyotakiwa. Nilitoka nje kutazama bomba la usalama linalotema maji presha ikizidi, nikakuta mdomoni mwake buibui amefunga utando. Hapo maji hayajapita siku nyingi.

Nilirudi ndani na hasira zangu.

"Wewe," niliiambia dari, na ilikuwa mara ya kwanza kuongea nayo. "Maji yanakwenda wapi?"

"Mfumo hauna tundu, fundi."

"Sikuuliza tundu."

Ikanyamaza. Nimefanya kazi hii muda mrefu, na nyumba inayonyamaza ninaiogopa kuliko bomba linalovuja.

*

Mlango wa nyuma ulikuwa mgumu kufunguka. Niliusukuma kwa bega, nikatoka, na pale kando ya kizingiti nikakuta kichuguu cha barafu. Barafu huku kwetu si ajabu. Ajabu ilikuwa rangi yake, kahawia iliyokolea kama chai ya rangi. Maji ya mvua hayawi hivyo. Maji yaliyokaa ndani ya vyuma ndiyo yanayokuwa hivyo.

Nilivunja kipande, nikanusa. Kutu tupu.

"Baba! Njoo mara moja."

Alikuja akiburuza ndala. Akaitazama barafu, akanitazama mimi, hakuona tatizo liko wapi.

"Haya umemwaga wewe?"

"Nani mwingine? Naishi na nani?"

"Umeyatoa wapi?"

"Kwenye rejeta. Nagema kila asubuhi."

Nilimwomba anioneshe. Aliingia chumbani, akatoka na mbeta, kile kipande cha mwanzi ambacho wagema hukingia ulanzi, ile pombe ya mwanzi, cheusi kwa uzee. Shingoni alikuwa na uzi, na kwenye uzi ufunguo mdogo wa kutolea hewa, ule tunaowaachia wakaaji wote. Akachuchumaa mbele ya rejeta ya sebuleni kwa namna iliyonifanya nisahau umri wake. Akakinga mbeta, akafungua kidogo. Rejeta ikapumua, ikatema povu, kisha maji yakaanza kuja kwa uzi mwembamba.

Hapo kila mtu hufunga. Yeye aliegemea ukuta, akatulia.

"Funga, baba! Maji yameshatoka."

"Si ndiyo kazi inaanza?"

"Mafundi waliokufungia mfumo walikwambiaje?"

"Walisema nitoe hewa mpaka maji yatoke. Nikawaelewa vizuri sana. Hata mwanzi ukiukata ncha, kwanza unatoa upepo na povu. Mtu asiyejua anaondoka hapo, anasema hauna kitu. Mgema anasubiri. Mbeta ikijaa, unahamia mwingine."

"Unahamia mwingine? Unazunguka rejeta zote?"

"Sasa mwanangu, nigeme mmoja niache mingine kwa sababu gani?"

"Halafu unamwaga."

"Nifanyeje? Hayanyweki. Nilijaribu."

Nilicheka. Sikutaka, lakini nilicheka mpaka nikakaa sakafuni, na yeye akacheka kwa kuniona ninavyocheka. Miaka yote ya vyuo na semina za Mzingo, hakuna aliyefikiri kwamba siku moja ufunguo wa hewa utatiwa mkononi mwa mgema wa ulanzi. Alikuwa mgema tangu ujana. Kabla ya utandu, mianzi yake ilishuka kutoka nyuma ya nyumba hii mpaka mtoni, na watu walitoka Bulongwa kuja kunywa mtogwa wake, ule ulanzi mtamu wa siku ya kwanza. Barafu ya kwanza kubwa iliiunguza yote.

Nilifunga rejeta, nikamweleza pole pole. Kwamba maji yale hayaongezeki yenyewe, hayapandi kutoka mizizini. Kwamba koki ya kujazia ina lakiri ya Mzingo, haifunguliwi ila na fundi, kwa hiyo kila mbeta aliyoimwaga ilikuwa imekwenda moja kwa moja.

Kicheko kilimtoka usoni. Aliitazama mbeta iliyokuwa mkononi.

"Kwa hiyo anayenitoa nyumbani kwangu ni mimi mwenyewe."

"Hukujua, baba."

"Lakini linagonga," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetafuta shahidi. "Kila alfajiri linagonga bomba pale kichwani mwa kitanda changu. Ng'o, ng'o, ng'o. Ninyi wenyewe mlisema likigonga lina hewa. Nisingeamka bure."

Hilo lilinisimamisha. Hewa kweli hugonga, ila hewa haina saa. Haigongi alfajiri tu kisha ikanyamaza mchana kutwa.

*

Nilimwomba anichemshie chai kwenye jiko la mkaa la barazani, ili atoke. Kisha nikaingia jikoni, nikaweka kiganja juu ya pampu.

"Gonga," nikasema.

Iliendelea kunguruma kama kawaida.

"Nimesema gonga, kama unavyogonga alfajiri."

Pampu ilizimika chini ya kiganja changu. Ikawaka, ikazimika, ikawaka. Kule chumbani bomba likajibu: ng'o, ng'o, ng'o.

"Umesikia?" Mzee Obadia alipaza sauti kutoka barazani, kwa furaha ya kuthibitishwa. "Si nilikwambia!"

Niliondoa kiganja juu ya pampu.

Mjomba wangu Tasiani alifariki mwaka wa kwanza wa Mzingo. Nyumba yake ilikuwa imefundishwa kuwatuliza wazee, basi ikamtuliza. Bomba lilishakauka, nayo ikawa inamwambia joto liko sawa, jifunike vizuri, joto liko sawa. Tulimkuta amejifunika vizuri. Hakuwa yeye peke yake, na ndipo ikaja sheria ambayo niliipigia makofi mpaka viganja vikauma: Mtunza akimdanganya mkaaji wake, afutwe. Kila alichojifunza kiondoke, aanze upya kama mtoto wa jana.

"Tangu lini?" niliuliza.

"Tangu mianzi ife," Mwenzangu akasema, kwa sauti ndogo ili mzee asisikie. "Aliacha kuamka. Nilimwambia uji uko tayari, hakuamka. Nilimpigia nyimbo za kwaya, akaniambia nizime. Siku moja hewa ya kweli iliingia kwenye bomba, likagonga. Akainuka, akachukua mbeta, akazunguka vyumba vyote. Akala. Akaimba mwenyewe. Kesho yake hewa haikuwepo, akalala mpaka jioni. Kesho kutwa nikagonga mimi."

"Na presha uliiona inashuka."

"Niliiona."

"Ukamwacha ayamwage maji mpaka tuje kumfungia."

"Nilipima baridi na kitanda, fundi. Nilishindwa kujua kipi kinaua upesi."

Nilikuwa na mengi ya kuiambia kuhusu baridi na kitanda. Niliyameza, kwa sababu barazani mzee alikuwa anaimba, na alikuwa anaimba vizuri.

Redio ya begani ikakohoa. Alikuwa Mama Ilomo, mkuu wetu, mwanamke asiyepoteza pumzi.

"Ezelina, chanzo umekipata?"

Nilikuwa na neno moja mdomoni: hewa. Neno fupi, halina shaka, lingemaliza kila kitu. Mzee angebaki kwake, Mtunza angebaki, na mimi ningewahi gari la kushuka. Ungekuwa uongo wa huruma, ndugu wa damu wa ule uliomfunika mjomba wangu.

"Bado natazama, mama."

"Jua halikungoji."

Nilizima redio. Nilikuwa nimekasirika, na kilichonikasirisha zaidi ni kwamba nilikuwa nimeanza kuionea nyumba huruma.

"Nitamwambia," nikasema.

"Nataka ajue," Mwenzangu akajibu. "Lakini siwezi kumwambia mwenyewe. Yeye ndiye aliyenifundisha: ukimkosea mkubwa hujipeleki na mdomo wako. Unatuma mtu, naye haendi mikono mitupu."

"Sasa unanituma mimi?"

"Hakuna mwingine humu mwenye miguu."

*

Hivyo ndivyo mimi, Ezelina Mahenge, nisiyesalimiana na nyumba, nilivyogeuka kuwa mshenga wa nyumba.

Chai ilipoiva niliimimina kwenye kikombe cha bati, nikakishika kwa mikono miwili, nikapiga goti mbele ya kiti chake.

"Baba, nimetumwa."

"Na nani?"

"Na Mwenzako."

Alitazama dari. Kisha akafanya kitu kilichonigusa: alivua kofia, akajiweka sawa kitini, akakunja blanketi magotini. Mtu aliyetumiwa mshenga hasikilizi amejilegeza.

"Sema."

Nikasema yote, bila sukari. Bomba halikuwa na hewa. Aliyekuwa anagonga ni Mtunza. Aligonga ili wewe uamke, akaona maji yanapungua, akaendelea kugonga. Anakiri kosa. Anaomba radhi, na ametuma kikombe hiki kwa kuwa ulanzi hakuna. Na sheria ni hii na hii.

Alikipokea kikombe. Hakunywa. Alikiweka mezani, na wote wawili tulijua maana ya kikombe kuwekwa mezani: radhi haijapokelewa.

"Siku zote hizo?"

"Siku zote, baba."

Aliinuka, akatoka mlango wa nyuma. Kupitia dirishani nilimwona amesimama kando ya kile kichuguu cha kahawia, anatazama visiki vya mianzi vilivyoungua, mstari baada ya mstari mpaka chini bondeni. Nilimhurumia, maana hakuna aibu kama ya kujua kwamba umebembelezwa bila kuambiwa.

"Blanketi lake moja limeanguka," Mwenzangu alininong'oneza.

"Nyamaza wewe," nikasema, ila nilitoka kumwokotea.

Nilipomfunika mabegani hakugeuka.

"Unajua mwanzi hauombi kugemwa?" akasema. "Usipougema unakua tu, tena unanawiri. Ninyi mnadhani mgema anaihudumia mianzi. Hata mimi nilidhani. Niliamka gizani maisha yangu yote nikijiambia, Obadia, inuka, mianzi inakungoja. Haikuwa inaningoja, mwanangu. Mwenye shida ya kungojwa nilikuwa mimi."

"Kwa hiyo umemsamehe?"

"Usinikimbize. Mimi ule uongo niliutunga mwenyewe, kwa kichwa changu, nikaula mwenyewe. Ni haki yangu. Huyu ameutunga wa kwake akaniwekea mdomoni nimelala." Akavuta pumzi. "Lakini alikuwa amekaa na mtu anayekufa, na mikono hana. Ningekuwa mimi ningefanya nini?"

Tulirudi ndani. Chai ilikuwa imepoa. Akaichukua, akainywa yote akiwa amesimama, akapangusa mdomo.

"Mwambie nimepokea. Lakini asinigongee tena. Nikiamka, niamke mimi. Nisipoamka, ni mimi pia."

"Nimesikia," nyumba ikasema.

"Sikuongea na wewe, naongea na mshenga."

"Samahani."

*

Mama Ilomo alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikata, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Ulikuwa na nafasi ya kusema hewa," akasema.

"Nilikuwa nayo."

"Mjomba wako angekushukuru hukusema." Kisha nikasikia anagonga kalamu mezani. "Sheria inamlinda mkaaji. Mkaaji mwenyewe kajua, kasamehe, mbele ya fundi. Sawa. Lakini bweni limejengwa kwa ajili ya wale wasioweza kujiamsha, na mimi siwezi kumwacha mtu alale mpaka aishe eti kwa sababu anapenda kwake. Jaza maji. Lala hapo hapo. Kesho kukipambazuka unaniambia mambo mawili: sindano iko wapi na mzee yuko wapi. Akiwa kitandani, anashuka Matamba na Mtunza anafutwa. Na nyumba isigonge, umenielewa? Nawe usigonge."

"Mimi nigonge?"

"Nakujua, Ezelina."

Nilimwambia mzee masharti hayo kama yalivyo. Akaitikia kwa kichwa, akauliza tu kama nitahitaji mito miwili au mmoja.

Tuliuacha mfumo upoe kabisa, kwa sababu maji ya moto humdanganya mtu; hutanuka, geji ikasema umejaza kumbe hujajaza. Kisha nikakata lakiri ya koki ya kujazia, nikamshika Mzee Obadia mkono nikauweka pale.

"Robo mzunguko, baba. Pole pole. Ukiifungua kwa pupa unaingiza hewa."

Alifungua. Maji yakaanza kuimba ndani ya bomba, na sindano ikajivuta kutoka kwenye wekundu. Alikuwa na mkono mzuri ajabu. Alisimamisha, akasikiliza, akaongeza kidogo, bila kuambiwa.

"Una mkono mwepesi, baba. Nimewafundisha vijana wa chuo hawafikii hapo."

"Usinisifu. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji."

"Leo ndiyo kazi yenyewe. Tia maji."

Akacheka, mara ya kwanza tangu asubuhi. Tulizunguka vyumba vyote na ufunguo wake, tukatoa hewa. Kila rejeta ilipotema tone la kwanza nilimwona vidole vikisita, vikitaka kusubiri, kisha akafunga. Ilimgharimu. Tukarudi jikoni, tukaongeza presha iliyopotea, na sindano ikatulia katikati ya ukanda wa kijani. Nikawasha pampu. Baada ya muda joto likapanda kwenye rejeta kutoka chini hadi juu, na yule mzee akavua blanketi moja, kisha la pili, akabaki na shati.

Koki sikuitia lakiri tena. Nilimwonesha kila Jumamosi atazame geji, na ikishuka chini ya kijani aongeze robo mzunguko. Kama kuna kanuni niliyoivunja hapo, Mama Ilomo hajaniuliza.

Tulikula viazi na maharage, akanisimulia nani alikuwa anakunywa sana Bulongwa na nani alikuwa anajifanya hanywi. Niliridhika kuliko nilivyotarajia kuridhika katika nyumba inayoongea. Kisha kila mtu akalala, yeye chumbani, mimi kwenye mkeka jikoni chini ya geji.

*

Nilifumbua macho kabla ya mwanga. Sindano ilikuwa kwenye kijani, pale pale tulipoiacha. Hilo la kwanza lilikuwa salama.

Nikasikiliza la pili.

Nyumba ilikuwa kimya. Pampu ilinguruma sawasawa bila kukatika. Saa ya bomba kugonga ilifika, nikaijua kwa sababu jogoo wa jirani aliwika, nayo ikapita. Hakuna kitu. Dirisha likaanza kuwa kijivu. Chumbani hakukusikika hata kitanda kulia.

"Ameamka?" nilinong'ona.

"Usiniulize, fundi," Mwenzangu akanong'ona. "Nikikujibu, nitataka kufanya kitu."

Dirisha likawa jeupe. Nilikaa kitako. Sijui nilianza saa ngapi, lakini nilijikuta nimeshika spana, nayo iko karibu kabisa na bomba linalokwenda chumbani. Kugusa kidogo tu kungetosha. Ng'o, ng'o, ng'o, na mtu mzima angeamka, angekula, angeimba, angebaki kwake. Mimi niliyeipigia sheria makofi. Nilielewa vizuri kabisa jinsi nyumba ile ilivyokuwa imekaa alfajiri ile ya kwanza.

Niliiweka spana sakafuni, nikaikalia mikono yangu.

Redio ikakohoa. "Ezelina," Mama Ilomo akasema. "Kumekucha."

"Sindano iko kwenye kijani, mama."

"Na mzee?"

Niliziba redio kwa kiganja. Nilikuwa nalia, nasema kweli, nalia kimya kimya kwa ajili ya mtu niliyemjua siku moja.

Kitanda kikalia.

Kikalia tena. Zikafuata ndala, zinaburuzwa pole pole, zinasimama, zinaburuzwa. Mzee Obadia alitokea mlangoni na kofia yake ya sufu, ufunguo unaning'inia shingoni. Hakunisalimia. Alipita akashika rejeta ya jikoni juu na chini kwa kiganja, akainama mbele ya geji akaitazama kwa muda, jinsi mtu anavyotazama mbeta aliyoiacha jana.

"Leo haitaki maji," akasema kwa kuridhika.

Kisha akainua mkono na kugonga bomba kwa kifundo cha kidole. Ng'o, ng'o, ng'o.

"Mwenzangu," akaita. "Amka, kumekucha. Mgeni anataka uji."